Ruzuku za Kampuni za Madini na Nauli ya Mgonjwa

Mgonjwa anayelazwa Hospitali ya Taifa Muhimbili huenda akapelekwa jengo la Mwaisela, la Kibasila au la Sewahaji, na ni wachache, hata miongoni mwetu tunaovaa makoti meupe, wanaouliza Sewahaji alikuwa nani. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyetajirika Bagamoyo katika karne ya 19, wakati misafara ya kwenda bara ilipohitaji wapagazi, vitambaa na vyakula. Katika miaka ya 1890 alitoa fedha za kujenga hospitali mjini Dar es Salaam. Wazungu walijengewa hospitali yao ufukweni, pale Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897. Waafrika na Waasia wa mji walitibiwa katika hospitali iliyobeba jina la Sewa Haji, hadi ilipojengwa hospitali mpya Upanga katika miaka ya 1950, ile tunayoiita leo Muhimbili.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Mali yake ya majumba na ardhi aliiacha mikononi mwa serikali ya Wajerumani kwa sharti kwamba mapato yake yagharimie chakula cha wagonjwa wa hospitali ile na mahitaji ya wagonjwa wa ukoma wa Bagamoyo. Sharti hilo la chakula ndilo lililonifanya nianzie kwake. Alikwisha kujenga jengo. Alipofikiria yatakayobaki baada yake, alifikiria sahani ya mgonjwa.

Miaka zaidi ya 120 baadaye, mfadhili mkubwa wa ndani anayetajwa mara kwa mara katika habari za afya ni kampuni ya madini. Sote tumeziona picha hizo katika magazeti: hundi kubwa ya kadibodi, viongozi waliovaa kofia ngumu, jengo jipya lenye utepe mlangoni. Haifai kuzidharau. Zahanati iliyojengwa kwa fedha ya mgodi ni zahanati kamili, na mama anayejifungulia humo hajali saruji ilitoka wapi. Lakini sisi tunaofanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam, mahali ambapo rufaa za nchi nzima huishia, tunaliona pengo ambalo fedha hizo hulifikia kwa nadra. Ni pengo la nauli, la kitanda cha kulala nje ya hospitali na la chakula cha siku.

Tuanze na mfano unaojulikana zaidi. Mgodi wa Dhahabu wa Geita, unaomilikiwa na kampuni ya AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mwaka 2002, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua watu nchini na dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure katika hospitali za umma, mgodi huo uliasisi kampeni ya Kili Challenge: wapanda mlima na waendesha baiskeli hukabili Kilimanjaro, na makampuni na watu binafsi huchangia fedha. Kampeni hiyo huendeshwa pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, yaani TACAIDS, na makusanyo yake yamekuwa yakigawiwa asasi zinazohudumia watu wanaoishi na virusi, yatima na vijana. Kituo cha watoto cha Moyo wa Huruma, mjini Geita, ni miongoni mwa walionufaika.

Wazo hilo lilikuwa na busara yake. Asasi za kiraia ndizo zilizokuwa mstari wa mbele kabla ya dawa kufika. Wakati WAMATA ilipoanzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1989, chini ya uongozi wa Theresa Kaijage, hospitali haikuwa na cha kumpa mgonjwa wa UKIMWI zaidi ya tiba ya magonjwa nyemelezi na maneno ya faraja. Ushauri nasaha, ziara za nyumbani na utunzaji wa watoto waliofiwa vilifanywa na watu wa kujitolea. Dawa zilipoanza kutolewa bure kuanzia mwaka 2004, wengi walidhani kazi ya asasi hizo imekwisha. Ilibadilika tu: badala ya kumsindikiza mgonjwa kaburini, zikaanza kumsindikiza kliniki na kumtafuta anapopotea.

Sasa tuitazame sheria, kwa kuwa ndiyo inayoamua fedha iende wapi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka kifungu cha 105, kinachomtaka mmiliki wa haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane juu yake na halmashauri ya mahali mgodi ulipo, na mpango huo ufuate vipaumbele vya halmashauri hiyo. Kanuni za mwaka 2023 zikaongeza ufafanuzi. Kabla ya hapo kampuni ilitoa ilichotaka, kwa iliyempenda. Baada ya hapo kutoa kumekuwa wajibu wenye mezani pake halmashauri. Kwa Geita, kiasi kilichotajwa hadharani katika miaka ya mwanzo ya utaratibu huo kilikuwa takriban shilingi bilioni 9 kwa mwaka.

Kwa maoni yangu sheria ile ilikuwa ya haki. Watu wanaoishi kando ya shimo, wanaovuta vumbi lake na kusikia baruti zake, wana haki ya kuwa wa kwanza. Kasoro yake iko kwingine. Halmashauri hupenda kitu kinachosimama, kwa sababu kitu kinachosimama hukaguliwa kwa urahisi. Mkaguzi akifika huonyeshwa madarasa, nyumba za walimu, jengo la wagonjwa wa nje. Hawezi kuonyeshwa nauli iliyotumika mwaka jana. Kadhalika, jamii ya mgodi hutafsiriwa kwa mipaka ya ramani, ilhali ugonjwa haukai ndani ya mipaka hiyo. Mkazi wa Geita akipata saratani, figo zikishindwa, au mtoto wake akizaliwa na tundu la moyo, anaacha kuwa mkazi wa Geita kwa miezi kadhaa. Anakuwa mkazi wa muda wa Kariakoo.

Ni vema niieleze safari hiyo kwa wasomaji ambao hawajawahi kuifanya. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Basi humshusha mgonjwa Mbezi Luis. Kutoka hapo ni daladala au mwendokasi hadi mjini. Hospitali kuu za rufaa, yaani Muhimbili pamoja na taasisi za moyo na mifupa zilizo katika eneo lake, na Ocean Road ya leo ambayo ni taasisi ya saratani, zote ziko katika kipande kidogo cha jiji kati ya Upanga na bahari. Asiye na ndugu Dar es Salaam hutafuta gesti ya bei nafuu, na gesti hizo ziko Kariakoo, Gerezani na Ilala, kwenye vichochoro vya nyuma ya maduka ya vitenge na vifaa vya simu. Chakula ni cha mama lishe. Asubuhi ndugu wawili hufuatana kwenda kliniki. Jioni hurudi, na mmoja wao hubaki nje akihesabu fedha. Ukipita mitaa ile mapema utawatambua kwa bahasha kubwa za picha za eksirei walizozishika kifuani, wakipishana na mikokoteni ya wabeba mizigo.

Kwa haki ya mambo, hali imepungua ukali. Kwa muda mrefu Ocean Road ndiyo iliyokuwa taasisi pekee ya umma nchini iliyotoa tiba ya mionzi, hadi Hospitali ya Bugando ya Mwanza ilipoanza huduma hiyo. Na ukanda wa Ziwa sasa una hospitali nyingine ya rufaa ya kanda kule Chato. Hata hivyo rufaa za kuja Dar es Salaam hazijakoma.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini mwetu, na ambayo huwapata zaidi wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ikigunduliwa ikiwa imeenea katika nyonga lakini haijasafiri mbali, tiba yake ni mionzi ya nje, kwa kawaida mara 25, siku tano kwa wiki, pamoja na dawa ya kuipa mionzi nguvu, kisha mionzi ya ndani. Tiba yote inapaswa kukamilika ndani ya wiki nane. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa takriban asilimia moja. Mgonjwa aliyeishiwa fedha katika wiki ya tatu akarudi nyumbani kuuza mbuzi, akarejea baada ya wiki mbili, amepoteza sehemu ya tiba yake ambayo hakuna daktari anayeweza kuirudisha. Huduma za saratani zimo katika sera ya msamaha wa gharama, na mashine ipo. Kilichomkwamisha ni kitanda cha gesti.

Tufanye hesabu nyepesi, ya makadirio tu. Tuseme kitanda, chakula na nauli ya ndani ya jiji ni shilingi 20,000 kwa siku. Kwa siku 56 ni shilingi 1,120,000. Shilingi bilioni moja ingewatunza wagonjwa takriban 890 hadi mwisho wa tiba. Simaanishi kwamba halmashauri ya Geita iache kujenga madarasa. Nasema kwamba katika mpango wa mwaka, mstari mmoja wa malazi na nauli za wagonjwa wa rufaa wa halmashauri hiyo hiyo ungekuwa halali kabisa kwa maneno ya kifungu cha 105, kwa maana wanufaika ni wakazi wake. Sijui kwa nini wagonjwa wahesabiwe kuwa wametoka katika jamii yao kwa sababu tu wamepanda basi.

Wapo walioonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Hospitali ya CCBRT, Msasani, iligundua kwamba wanawake wenye fistula ya uzazi hawakufika ingawa upasuaji ulikuwa bure. Kizuizi kilikuwa nauli. Kwa kushirikiana na taasisi ya hisani ya Vodacom ikaanza kuwatumia mabalozi wa vijijini nauli hiyo kwa M-Pesa, wakamkatia mgonjwa tiketi na kumpandisha basi. Pale Muhimbili, asasi ya Tumaini la Maisha husaidia matibabu ya saratani za watoto pamoja na malazi ya familia zinazotoka mbali, kwa sababu uzoefu uliwafundisha kwamba mtoto anayeondoka katikati ya tiba huwa harudi akiwa katika hali ileile. Kule Temeke, MUKIKUTE, umoja ulioundwa na watu waliowahi kuugua kifua kikuu, umekuwa ukiwatafuta mitaani wagonjwa waliogunduliwa ili waanze dawa. Wameifanya kazi hiyo pamoja na shirika la APOPO, lile linalotumia panya buku kunusa makohozi. Kazi hiyo inahitaji viatu, nauli na vocha ya simu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokatiwa utepe.

Hali ni hiyohiyo katika tiba ya methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 kwa watu wenye uraibu wa heroini. Dawa ni bure, ila katika miezi ya mwanzo mgonjwa hulazimika kuinywa mbele ya mhudumu kila siku. Kijana wa Kariakoo anaweza kutembea. Wa Mbagala hawezi.

Jambo hili limekuwa la dharura tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na baadaye kulifunga shirika la USAID. Mpango wa PEPFAR, ulioanza mwaka 2003, ulikuwa umebeba sehemu kubwa ya gharama za mapambano ya UKIMWI nchini, na ngazi iliyoguswa upesi haikuwa dawa zenyewe bali watu: wahudumu wa ngazi ya jamii, waelimishaji rika, wafuatiliaji wa waliokosa kliniki. Hao walikuwa wameajiriwa na asasi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi. Wengi wao wana afya njema kwa sababu mtu fulani aliwapigia simu waliposahau tarehe. Pengo la ukubwa ule haliwezi kuzibwa na dhahabu yetu peke yake. Linaweza kuzibwa kidogokidogo mahali ambapo fedha kidogo hufanya kazi kubwa, na mahali penyewe ni hapo.

Kampuni ya madini inaweza kuelewa hoja ya namna hii kuliko tunavyodhani. Huko Obuasi, Ghana, AngloGold Ashanti iliona katikati ya miaka ya 2000 kwamba malaria inawaondoa wafanyakazi kazini na kuijaza hospitali ya mgodi. Ikaanzisha upuliziaji wa dawa ukutani kwa mji mzima, ikahesabu wagonjwa kila mwezi, na ndani ya miaka miwili wagonjwa wa malaria katika hospitali hiyo walikuwa wamepungua kwa takriban robo tatu. Baadaye Mfuko wa Dunia uliikabidhi kampuni tanzu ya mgodi fedha za kupeleka kazi hiyo wilaya nyingine. Nia ya mwanzo ilikuwa faida ya kampuni, wala hakuna aliyeficha. Kilichoifanya ifanikiwe ni kwamba ililipia kazi inayorudiwa kila mwaka, vibarua na mafuta ya magari, na kwamba idadi ilihesabiwa kabla na baada.

Hapa sina budi kuweka mpaka, hasa kwa wenzangu wa tiba. Hisani ni kitu kimoja. Deni ni kingine. Vumbi la miamba lenye silika huharibu mapafu pole pole, na ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba. Aliye nao yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, hata miaka mingi baada ya kuacha kazi. Huko Afrika Kusini wachimbaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano ya fidia ya takriban randi bilioni 5 kati yao na makampuni sita, AngloGold Ashanti ikiwamo. Fedha zile hazikuwa ruzuku, zilikuwa malipo. Nchini kwetu mfanyakazi aliyeajiriwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliosimama kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mchimbaji mdogo asiye na mwajiri hana kinga hiyo, na ndiye anayechoronga bila maji na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Kwa hiyo, mtu mzima akija katika kliniki yako ya Kariakoo au Ilala na kikohozi cha miezi, tena amekwisha kutibiwa kifua kikuu mara mbili bila vimelea kuonekana, muulize kazi alizofanya maishani, mahali na miaka, usiridhike na jibu la “biashara ndogondogo”. Wengi wanaouza maji na miwa mitaani wamepitia Mererani au Geita. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ina uzoefu wa magonjwa ya wachimbaji na hupokea rufaa zao. Asasi inayopokea ruzuku ya mgodi isikubali kunyamazishwa juu ya haya, na kampuni makini haitaomba inyamaze.

Kuna jambo la kodi pia, ambalo asasi nyingi hazilijui. Sheria ya Kodi ya Mapato inairuhusu kampuni kutoa katika mapato yake yanayotozwa kodi michango ya hisani, kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara. Maana yake ni kwamba sehemu ya kila zawadi imelipwa na hazina ya umma. Anayeomba kwa ajili ya wagonjwa hana haja ya kupiga magoti.

Lakini aombe kwa utaratibu. Makampuni hupokea barua nyingi zinazosema “tunaomba msaada kwa wagonjwa wetu” bila idadi wala bei. Barua yenye nguvu hutaja wagonjwa wangapi wa halmashauri ipi walipewa rufaa mwaka uliopita, wangapi walikatiza tiba, kwa sababu gani, na ingegharimu kiasi gani kuwabakiza. Takwimu hizo zimo katika rejista zetu za wodi na za ustawi wa jamii. Ni kazi yetu wahudumu kuzitoa, bila majina ya wagonjwa, kwa asasi zinazozihitaji. Asasi nayo iwe na usajili hai na hesabu zilizokaguliwa, na ikumbuke kwamba kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ruzuku inayozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Na ombi lenyewe lipelekwe pia halmashauri, wakati mpango wa mwaka unapoandaliwa, kabla fedha hazijagawanywa kwa mabati na saruji.

Kwa mgonjwa au ndugu anayesoma haya akiwa bado mkoani na barua ya rufaa mkononi: kabla ya kupanda basi, onana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali iliyokupa rufaa. Mwambie wazi kama huna pa kufikia Dar es Salaam, naye aandike hivyo katika barua. Beba barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa wako, maana itahitajika ukiomba msamaha wa gharama. Uliza daktari tiba itachukua wiki ngapi kwa jumla, usiulize tu siku ya kwanza ni lini. Ukifika, ofisi ya ustawi wa jamii iwe mlango wa pili baada ya mapokezi, usiingoje siku fedha zitakapokwisha. Wao ndio wanaojua asasi ipi ina kitanda wiki hiyo. Na kama unatumia dawa za kufubaza virusi, omba dawa za miezi kadhaa na fomu ya uhamisho kabla hujaondoka. Zikikuishia ukiwa Kariakoo, nenda kliniki ya Hospitali ya Mnazi Mmoja na kadi yako. Ni mwendo wa miguu kutoka sokoni.